FreeCAD 1.0 na Briji ya Gitaa: Lahajedwali Imenimaliza!

Haya mafundi, karibuni tena. Leo tunaichambua FreeCAD 1.0, programu ya kusanifu vitu kwa kompyuta, toleo lililotoka Novemba 2024, na tunaipima kwa kazi moja tu: kusanifu briji ya gitaa la umeme, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na kuichonga kwa CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta. Jinsi ya kuchora mstatili na kuupa unene, hayo mnayajua, nayaruka.

Nakwenda moja kwa moja kwenye lahajedwali, lile jedwali la hesabu ndani ya programu. Jamani, hii lahajedwali! Angalieni kioo. Nyuzi sita, uzi hadi uzi milimita 10.5, kwa hiyo kutoka wa kwanza hadi wa sita ni 52.5. Ukipima kutoka katikati ya briji, nyuzi ziko 5.25, 15.75 na 26.25 kila upande. Seli hii nimeipa jina "upinde", na ndani yake kuna 241.3, yaani inchi 9.5, nusukipenyo cha upinde wa ubao wa freti, ule unaobonyezea nyuzi. Jina msiweke R1 au A2, itakataa, inadhani ni anwani ya seli.

Fomula hii hapa: upinde, toa kipeuo cha pili cha upinde mraba kutoa umbali mraba. Inanipa kila uzi unashuka kiasi gani kutoka kilele cha upinde. Nyuzi mbili za kati 0.06, zinazofuata 0.51, za pembeni 1.43. Sasa tulieni. Nafuta 241.3, naandika 184.15, ile inchi 7.25 ya gitaa za Fender za zamani. Naingiza... mmeona? Za pembeni zimeshuka hadi 1.88 na matandiko yote sita, vile vipande vya briji vinavyobeba kila kimoja uzi wake, yamejipanga upya. Sijagusa mchoro hata mmoja!

Najua swali lenu. Kila tandiko tayari lina skrubu mbili za kulipandisha na kulishusha, hesabu ya nini? Hesabu ni ya urefu wa skrubu. Narudisha 241.3. Kilele nimekiweka milimita 11 juu ya bamba la briji, hivyo tandiko la pembeni linafika 9.57. Ukitia skrubu ya M3, yaani ya kipenyo cha milimita 3, yenye urefu wa milimita 10 pale, inachomoza 0.43. Pitisha kidole hapa, inakwaruza. Mpiga gitaa anayelaza kiganja kwenye briji ili kuzibia nyuzi atakurudishia kazi yako siku hiyohiyo. Pembeni weka M3 ya 8, manne ya ndani yabaki na ya 10. Na kimo cha mwili wa tandiko nacho kifuate fomula, toa 1.5 ya nafasi chini. Ukichonga yote kimo kimoja, ya pembeni yatagota kwenye bamba kabla nyuzi hazijafika chini unakotaka.

Na wale wa ubao wenye upinde unaobadilika, inchi 10 kichwani mwa shingo na 16 kwenye freti ya 22, wengi wanaandika 16 kwenye briji. Hapana! Upinde unaendelea kufunguka baada ya freti ya mwisho. Freti ya 22 iko asilimia 71.9 ya urefu wa uzi, kwa hiyo ukifika kwenye briji uko karibu inchi 18.3, milimita 466. Andika 466 tuone. Pembeni sasa 0.74 tu. Hapo M3 ya 10 inaingia kote.

Mtaniambia Fusion, ile programu ya usanifu ya Autodesk, nayo inafanya haya. Inafanya, na upande wa kuchonga bado iko mbele, nakubali. Lakini leseni yake ya bure inakuwekea mafaili kumi tu ya kuhariri kwa wakati mmoja, na tangu 2020 mwendo wa haraka kati ya mkato na mkato umeondolewa, mashine inatambaa hata hewani. Ukitaka vyote, unalipia mamia ya dola kwa mwaka. FreeCAD ni bure, na toleo hili limetuliza ule ugonjwa wa zamani: ulikuwa ukibadili mchoro wa mwanzo, kona ulizolainisha mwishoni zinavunjika zote.

Kinachoniudhi, na kinaniudhi kweli: kila ukigusa seli, hata ya maandishi tu, modeli nzima inahesabiwa upya. Matandiko sita yenye mifereji na kona, kompyuta ya kawaida inasimama. Weka lahajedwali kwenye faili lake peke yake, afadhali.

Halafu kuchonga. Mashine niliyonayo hapa ni ndogo, 3018, na programu haijui kwamba fremu yake inanesa. Kwa brasi, endimili (biti ya kuchongea) ya milimita 3 yenye makali mawili, mizunguko 10,000 kwa dakika, mwendo milimita 240 kwa dakika, kina 0.15 kwa kila pito. Ukiwa na haraka ukaweka 0.5, utasikia mlio kama filimbi, na ukuta wa tandiko utatoka umelala. Tandiko nachonga upana 10.3 ili ibaki 0.2 ya kupumua. Toboa kwanza, 2.5 kwa M3, kata meno ya skrubu ndani ya tundu kwa tapu, mzunguko wa nje uwe wa mwisho, tandiko likiwa bado limeshikwa na vishikizo vya nusu milimita. Na biti ya kawaida ya kutobolea hujivuta yenyewe ndani ya brasi: isage kidogo ncha za makali ziwe bapa, la sivyo itang'oa kipande kutoka mezani.

Aluminiamu ni video ijayo, mmeiomba sana kwenye maoni, bofyeni kengele.

Mwisho mfereji wa uzi. Uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, katika seti ya nyuzi ya 10–46 una unene wa 1.17, kina cha mfereji kisizidi nusu yake. Ukikata, kuna unyuzi mkali wa chuma unabaki ukingoni, huu hapa unametameta chini ya taa. Huo ndio unaokata nyuzi palepale kwenye tandiko. Chukua kipande cha uzi wa zamani, kizungushie msasa namba 600, vuta mara kumi. Faili la lahajedwali liko kwenye maelezo chini ya video. Kabla ya kuingiza namba zangu, pima upinde wa ubao wako mwenyewe.