Simu imejaa: ununue memori kadi, flashi au nafasi ya wingu?

Pita Ngamiani, hapa Tanga, Jumamosi asubuhi, simama mbele ya duka lolote la simu, swali utakalolisikia ni lilelile: "Kaka, memori ya GB 64 bei gani?" Muuzaji anafungua droo, mteja analipa, anaondoka. Jioni simu inalia vilevile kwamba imejaa, kamera inakataa kupiga, WhatsApp haipokei picha. Lawama anapewa muuzaji, au kampuni ya simu, au mtandao. Mara nyingi shida ni kwamba mtu amenunua kifaa kabla ya kujua kilichojaa ni nini.

Kwa hiyo pesa isitoke mfukoni kwanza. Ingia mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya hifadhi, usome mgawanyo: programu zimekula ngapi, video ngapi, picha ngapi, mfumo wenyewe ngapi. Simu iliyouzwa kama ya GB 32 haikukupa GB 32. Android na programu zilizokuja nayo, zile ambazo hukuziomba na nyingine hazifutiki, zimeshajikalia humo kama wenye nyumba. Mimi hilo naliona dhuluma iliyozoeleka. Sanduku limeandikwa namba moja, mteja anapata nyingine, na hakuna anayeuliza.

Kisha fungua WhatsApp, nenda mipangilio, hifadhi na data, halafu sehemu ya kusimamia hifadhi. Itakupangia makundi kuanzia linalokula zaidi, na itakutengea mafaili yanayozidi MB 5 pamoja na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Kwa mtu wa Tanga naweza kukisia kundi la kwanza bila kuishika simu yako: kamati ya harusi. Harusi ilishapita, bibi harusi ana mtoto, lakini video za kukumbushia michango bado zimo, na kila moja imeingia mara tatu kwa sababu watu watatu waliirusha. Futa. Zima na upakuaji wa video wa moja kwa moja, vinginevyo mwezi ujao utarudi hapahapa. Juu ya hayo, WhatsApp hujiwekea nakala ya mazungumzo ndani ya simu yenyewe na kutunza za siku 7 za karibuni. Mwenye makundi mengi anabeba mzigo huo bila kujua.

Ukishayafanya hayo na simu bado inalia, sasa tuzungumze kununua. Huu ndio mpangilio wangu, na najua namba moja itawaudhi wengi.

1. Flashi ya vichwa viwili

Hapa nitakawia, maana ndiyo ninayomshauri karibu kila mtu. Upande mmoja ina kichwa cha kuchomeka kwenye kompyuta au televisheni, upande wa pili kichwa cha taipu C kinachoingia palepale unapochomeka chaja. Simu za zamani zenye tundu la maikro zina flashi za kwao, au unanunua kiunganishi kidogo cha OTG, kinachoiwezesha simu kusoma flashi. Unaichomeka, unafungua programu ya mafaili, unachagua picha na video za mwaka jana, unazihamisha, unachomoa, unaweka kabatini. Simu imepumua, na picha zimetoka nje ya simu.

Huko kutoka nje ndiko kunakoipa nafasi ya kwanza. Simu ikitumbukia majini pale Deep Sea wakati unagombea samaki, au ikichomolewa mfukoni kwenye msongamano wa kutoka uwanja wa Mkwakwani, memori kadi inaondoka nayo. Flashi iliyo kabatini nyumbani Makorora haina habari.

Chukua yenye maandishi ya USB 3 (3.0, 3.1 au 3.2), achana na 2.0. Tofauti utaiona saa ya kuhamisha: kwa mwendo wa MB 10 kwa sekunde, GB 10 za video zinachukua kama dakika 17, kwa MB 30, dakika tano na nusu. Ukubwa wa GB 64 au 128 unamtosha mtu wa kawaida. Ukiichomeka kwenye kompyuta, ya 64 itasoma kama 59 hivi na ya 128 itasoma 119. Hapo hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024.

Ina kero zake. Simu za Oppo, Vivo na Realme zina swichi ya OTG kwenye mipangilio, na swichi hiyo hujizima yenyewe flashi isipotumika kwa dakika 10. Mtu asiyejua anachomeka, haoni kitu, anairudisha dukani flashi nzima akidai mbovu, na ugomvi unaanza pasipo sababu.

Kero nyingine inaturudisha harusini. Mpiga video anakukabidhi faili moja la GB 6. Flashi yako ina GB 50 wazi lakini inalikataa, na ujumbe unaotokea haukuelezi lolote la maana. Sababu ni kwamba flashi imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Toa vilivyomo, maana kufomati kunafuta kila kitu, kisha ifomati iwe exFAT, mfumo mpya zaidi. Ila deki na ving'amuzi vingi vya zamani havisomi exFAT. Ya kumpelekea bibi Pangani atazame kwenye king'amuzi chake iache na FAT32, umwambie mpiga video akukatie faili vipande.

2. Memori kadi

Najua ndiyo kipenzi cha wengi. Kwa muziki, mawaidha, video za kutazama ndani ya basi na picha za kamera, ni nzuri na ni rahisi. Kinachoishusha ni mambo ambayo hayasemwi dukani.

WhatsApp haikubali kuhamishiwa kwenye kadi. Picha zake unaweza kuzihamisha kwa mkono, lakini mpya zitaendelea kuingia ndani ya simu. Kwa hiyo kama aliyekujazia simu ni WhatsApp, umenunua dawa ya ugonjwa mwingine. Vilevile simu nyingi zina kibebeo cha mchanganyiko: tundu la pili linabeba laini au kadi, moja tu kati ya hivyo. Huku kwetu mtu ana laini ya kupokelea pesa, na nyingine ya bando. Ukimwambia achague kati ya laini na nyimbo, laini inashinda, kadi inarudi kwenye pochi na huko ndiko inakopotelea. Chomoa kibebeo uhesabu matundu kabla ya kwenda dukani. Matatu, karibu. Mawili, rudi juu kwenye namba moja. Wenye iPhone hawana haja hata ya kuhesabu, haijawahi kuwa na tundu la kadi, na Samsung waliliondoa kwenye simu zao za Galaxy S kuanzia S21 ya mwaka 2021.

Kwenye kadi yenyewe kuna alama ndogo mno, soma kwa tochi ikibidi. Namba 10 ndani ya herufi C maana yake haishuki MB 10 kwa sekunde wakati wa kuandika. U3 au V30 ni MB 30, na hiyo ndiyo ya kuchukua kama unapiga video nyingi. A1 na A2 zinahusu programu: kadi isiyo na alama hiyo ukiiwekea programu, simu itakuwa nzito hadi uichukie.

Tahadhari moja. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu zinakuuliza kama kadi uitumie kama hifadhi ya ndani. Ukikubali, kadi inafutwa na kufungwa kwa siri, na itasomeka kwenye simu hiyo peke yake. Siku simu ikifa, picha zimekwenda nayo, hata fundi hodari wa Barabara ya Kumi na Mbili hatakutolea. Mimi huchagua hifadhi ya kuhamishika, siku zote.

3. Wingu

Wingu ni kuhifadhi vitu vyako mtandaoni. Kila akaunti ya Google ina GB 15 za bure, lakini zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na picha. Zamani Google Photos ilipokea picha zilizopunguzwa ubora bila kikomo. Hilo liliisha tarehe 1 Juni 2021. Nakala za WhatsApp za Android nazo, ambazo zamani hazikuhesabiwa, sasa zinakula humohumo. Ndiyo maana unaambiwa akaunti imejaa na hujapakia kitu. Wengi hawajui kwamba ikijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Kijana anasubiri barua ya usaili, barua inagonga mlango na kurudi ilikotoka, kisa video za kamati.

Nafasi zaidi inalipiwa kila mwezi. Marekani mpango wa GB 100 ni dola 1.99, na malipo hayo hayana mwisho, tofauti na flashi unayolipia mara moja. Gharama kubwa kwetu, hata hivyo, ni bando. Chukua bei ya GB 1 kwenye menyu ya mtandao wako, zidisha kwa GB unazotaka kupandisha, kisha kumbuka kwamba kuzishusha tena nako ni bando. Mwenye waifai ya kazini hesabu yake ni tofauti.

Kwa hiyo wingu nalitumia kwa vitu vichache ambavyo havipatikani tena: picha za wazazi, vyeti, hati ya kiwanja, kitambulisho. Hivyo viwe kwenye flashi na kwenye wingu pia. Video za mchiriku haziendi wingu. Na uingie kwenye akaunti mara kwa mara, maana Google wanaweza kuifuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2.

4. Diski ya nje

Hii ni ya mwenye studio, mwenye steshenari, au familia yenye picha za miaka mingi. Ya sahani zinazozunguka ndiyo nafuu zaidi kwa kila GB, lakini ina sindano ndani. Ikidondoka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi, imekwisha. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka, ina kasi zaidi na inavumilia safari ya basi kutoka Lushoto, ila bei iko juu. Ukiishi karibu na bahari kama Raskazone, iweke ndani ya kopo linalofunga pamoja na kile kipakiti cha kukausha unyevu kinachokuja kwenye masanduku ya viatu. Chumvi ya upepo wa bahari inakula vichwa vya chuma taratibu.

5. Simu mpya

Nunua kama simu yako ina sababu nyingine ya kustaafu. Ukinunua, usishuke chini ya GB 128. Ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine, bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na iliyo kwenye sanduku na uihakiki. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia tangu Juni 2016, hilo si jambo la kubahatisha.

Zisizo na nafasi kwenye orodha

Flashi za TB 1 (yaani GB 1,000) na TB 2 zinazouzwa kwa bei ya GB 64. Utazikuta stendi ya Kange, zimening'inizwa kwenye kadibodi: kibati chepesi kinachong'aa, maandishi yamepigwa upande kidogo, ukiyasugua kwa ukucha yanatoka. "Shangazi, hii TB mbili, hujazi hadi wajukuu." Anaichomeka kwenye simu yake mbele yako, na kweli simu inasoma TB 2. Mteja anaridhika.

Simu inasoma hivyo kwa sababu kidhibiti cha ndani kimeandikwa upya kidanganye. Ndani kuna chipu ya GB 16 au 32. Unapakia, inapokea, na mwanzoni kila kitu kinafunguka. Ukivuka ukubwa wa kweli, faili jipya linaandikwa juu ya la zamani au linatupwa. Jina lipo, ukubwa upo, ukifungua hakuna kitu. Na utagundua baada ya kuwa umeshafuta kwenye simu. Majina makubwa hayakukingi, kwani SanDisk na Kingston ndiyo yanayoigwa sana.

Kuijaribu si kazi. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo ValiDrive inayopima sehemu mbalimbali za flashi kwa dakika chache. H2testw inaandika na kusoma flashi nzima, ni ya uhakika zaidi lakini ya GB 64 inaweza kumaliza saa nzima au zaidi. Jaribu zote mbili flashi ikiwa tupu. Huna kompyuta? Nakili video moja kubwa mara nyingi hadi flashi ijae, kisha fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, uzitazame zote.

Jaribio hilo halimaliziki kaunta, kwa hiyo lazima mkubaliane kabla ya kulipa: "Kaka, naichukua, naipima usiku, ikiwa si GB iliyoandikwa nairudisha kesho." Dai risiti ya EFD yenye jina la kitu na ukubwa wake. Stendi sharti hilo halina maana, kesho yule kijana yuko Korogwe. Dukani lina maana, na mwenye duka akisita, hapo Ngamiani duka lingine liko hatua chache mbele.