Kuhamishia nyimbo kwenye pleya Kariakoo: nyimbo zinafika, orodha zinakufa

Kibanda hiki cha Mtaa wa Aggrey kinahamisha nyimbo haraka, na faili zenyewe zinafika salama, folda kwa folda. Kinapoharibu ni kwenye orodha za kucheza nyimbo (playlist). Fundi anakopi faili ya M3U, yaani faili ya maandishi inayotaja kila wimbo wa orodha ulipo, kama ilivyo, na ndani yake kila mstari bado unasema D:\Muziki\Taarab\01.mp3. Pleya haina hiyo D, ambayo ni diski ya kompyuta, kwa hiyo orodha inafunguka tupu. Inaudhi, maana dawa yake ni ya dakika tano: fungua faili kwa Notepad, futa D:\Muziki\ kila mstari, geuza \ iwe /, hifadhi kwa UTF-8, kisha iweke ndani ya folda ileile ya Muziki. Fungua orodha moja hapohapo kaunta kabla ya kulipa.

Memori kadi ya kununua popote mtaani, ipime kwanza kwa H2testw, programu ya kompyuta inayopima ujazo wa kweli wa kadi. Kadi feki hujitangaza GB 128, lakini ujazo wake wa kweli ukijaa, nyimbo zinazofuata hazichezi. Na kadi za GB 64 kwenda juu huja na exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi. Pleya nyingi za bei nafuu husoma mfumo mwingine, FAT32, tu. Mwambie fundi aifomati kwa FAT32 kabla hajaanza kukopi.