Peptidi za Maziwa kwa Shilingi 95,000: Nimezipima kwa Ndimu

Wadau wangu, karibuni tena. Hapa Dodoma upepo haujatulia tangu asubuhi, ila leo nina maiki mpya. Wale mliolalamikia sauti, niliwasikia.

Haya, kopo lenyewe hili. Unga wa peptidi za maziwa, yaani protini ya maziwa iliyokatwa vipande vifupi, nimeununua shilingi 95,000. Habari za kalori na idadi ya vijiko mtajisomea ubavuni. Kilichonifanya niwashe kamera ni uchungu. Uchungu, jamani! Nilikoroga kijiko kimoja kwenye maji, nikapiga funda, nikadhani nimetafuna mwarobaini. Nikasema basi, nimepigwa.

Halafu nikatulia, nikaenda kutafuta ndimu. Angalia hapa mezani. Glasi ya kushoto ni maziwa ya unga ya kawaida, ya kulia ni huu unga wetu. Nakamua nusu huku, nusu huku. Tazama kushoto, yanakatika! Mabonge yanajitenga na maji. Hiyo ni kaseini, karibu asilimia 80 ya protini yote ya maziwa ya ng'ombe. Ikikutana na asidi inashikana. Sasa kulia. Nakoroga... nainua kwenye mwanga... hakuna bonge hata moja. Naongeza ndimu nyingine nzima. Bado! Kaseini ya humu imeshakatwakatwa na vimeng'enya ikawa vipande vifupi, na vingi vya vipande hivyo ndivyo vichungu. Kumbe ule uchungu niliokuwa nautukana ndio uliokuwa unaniambia sikubambikiwa maziwa ya unga.

Sasa vikifika tumboni? Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli. Moja! Na nyingi ya seli hizo hubadilishwa kila siku 3 hadi 5 hivi. Juu yake kuna ute, na kati ya seli na seli kuna vifungo vinavyobana ili uchafu usipenye kwenda kwenye damu. Maabara, baadhi ya peptidi za kaseini zimeonekana kuzichochea seli zitoe ute zaidi, na nyingine kusaidia vile vifungo visilegee. Mimi hilo linanisisimua kweli. Lakini sehemu kubwa ya majaribio hayo ni ya seli kwenye visahani, na panya. Kwa binadamu ushahidi bado mchache.

Ndiyo maana maandishi haya yananiudhi. Sogeza macho: "Hutibu vidonda vya tumbo." Hapana! Shangazi yangu kule Kongwa aliambiwa hivyohivyo na muuzaji, akaacha dozi ya hospitali katikati, na maumivu yakamrudia makali kuliko mwanzo. Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria anaitwa Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu zinazomezwa kila siku. Kopo hili si dawa ya bakteria huyo. Shangazi, najua unaangalia, maliza dozi. Na mwenye mzio wa protini ya maziwa asiliguse bila kumwona daktari.

Mmeniuliza pia ule unga wa protini wa wanyanyua vyuma. Ule mara nyingi protini yake bado nzima, tumbo lako ndilo litakalokata.

Na hapa bei inaniuma, kwa sababu bakteria wanaogandisha mtindi nao hukata kaseini. Huu wa kibuyu nimeletewa jana kutoka Chamwino, lita shilingi 3,000, na mama anayeniletea huyachemsha maziwa kwanza. Ukinunua, uliza hilo. Vipande vyake si vingi kama vya koponi, nakubali. Ila mimi jioni nakunywa huu, na ugali wa uwele.

Jumapili saa 2 usiku nipo mubashara na kopo la kampuni nyingine. Ndimu nimeshanunua.