Mpira wa mkojo namba 8: niliusingizia bure

Mimi ni fundi pikipiki hapa Lindi mjini, mipira naijua. Wa petroli, wa breki, tyubu za kila saizi. Huu ninaouandikia leo haupitishi petroli. Unapita kwenye njia ya mkojo ya kijana wangu wa miaka saba, aliyezaliwa na mgongo wazi. Alipasuliwa akiwa mchanga, kidonda kikafunga, na anatembea kwa kuburuta mguu mmoja. Neva za kibofu ndiyo hazikurudi. Kibofu kinajaa, mwenyewe hana habari. Kwa hiyo kila baada ya saa tatu au nne tunamtoa mkojo kwa mpira.

Ni ile ya plastiki inayoonyesha ndani, haina puto mbele, na kishikio chake cha nyuma ni cha bluu. Bluu ndiyo namba 8. Gawa kwa tatu upate unene: kama milimita 2.7. Nyeusi ni 10, nyeupe ni 12. Mnaoanza shikeni rangi, maana kuna duka niliwahi kupewa nyeupe, muuzaji akasema, "Yote mipira tu, baba." Mipira tu! Uje gereji na rimu ya 17 nikufungie tairi ya 18, tutaelewana?

Mmoja nanunua shilingi 1,000. Kwenye pakiti kuna namba 2 iliyopigwa mstari, maana yake ni wa kutumia mara moja na kutupa, lakini kwa siku anahitaji mitano, hesabu mwenyewe. Sista wa kliniki alinifundisha kuosha kwa sabuni, kusuuza, kuutundika ukauke kabisa, ndipo uingie kwenye kopo lenye mfuniko. Alinieleza kwamba tangu 1972 daktari mmoja wa Marekani, Lapides, alionyesha kuwa mikono na mpira vikiwa safi kwa sabuni inatosha, mradi kibofu kimwagwe chote na kwa wakati. Kasoro yake ni matundu ya mbele: mingine imekatwa kama kwa wembe butu. Naupapasa kwanza, ukikwaruza kidole natupa, ukiwa laini ndiyo nauosha.

Ile ya kahawia inayonyumbuka kama manati usimpe mtoto wa mgongo wazi. Ni ya lateksi, na watoto hawa huwa wepesi kupata mzio nayo. Wangu alivimba midomo kwa kupuliza baluni la Idi tu.

Sasa toba yangu. Miaka miwili nilikuwa namwambia kila mzazi kliniki kwamba mipira hii ya bluu ni mibovu, inaleta UTI. Mwaka mmoja kijana alipata homa mara tano. Mkojo unanuka, anavuja kabla ya saa yake, usiku anatetemeka. Sindano, nafuu, baada ya wiki chache tena. Nikabadilisha kampuni ya mipira, nikabadilisha sabuni, nikamgombeza mama yake kwamba haoshi mikono vizuri. (Hiyo nayo nilishaomba msamaha.)

Siku moja kliniki, sista hakuugusa mpira kabisa. Alimlaza mtoto, akabonyeza tumbo chini upande wa kushoto, akanishika mkono nibonyeze na mimi. Magumu, kama ming'oko ndani ya gunia.

"Baba, anapata choo?"

"Kila siku sista, tena chepesi, kinachafua pempasi."

Kumbe kile chepesi kilikuwa kinapenya pembeni ya choo kigumu kilichokwama. Na mimi nilikuwa nampa dawa ya kuzuia kuharisha! Utumbo wa mwisho umelala nyuma ya kibofu, ukijaa, unakikandamiza. Mkojo hautoki wote, unaobaki unalala humo na wadudu, na wadudu wenyewe wengi ni wa kinyesi. Mpira wa petroli ukibanwa na tanki utamlaumu kabureta? Hata vidonge vyake vya kutuliza kibofu, sista akasema, hufunga choo.

Ndiyo tukaongeza mfuko wa kuosha utumbo: mfuko, bomba, na koni laini mbele ya kuingizia maji kwa njia ya haja kubwa. Kila baada ya siku moja, kama nusu saa baada ya chakula cha jioni, tumbo likiwa tayari linasukuma lenyewe. Maji yaliyochemshwa yakawa ya vuguvugu, lita moja kwa kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, kilichosawazishwa juu. Maji matupu hapana, yanaweza kuharibu chumvi ya damu ya mtoto. Sista alimpima kilo 18, akanipa mililita 360. Wako apimiwe wake. Mfuko ni mzuri, klipu yake ndiyo ya ovyo, ilivunjika mwezi wa kwanza nikaweka ya pikipiki. Choo chetu ni cha shimo, kwa hiyo nilikata tundu kwenye kiti cha plastiki, chini ndoo, miguuni kipande cha mninga akanyagie. Dakika arobaini, na hadithi za sungura zimeniisha. Mchana mama yake anamjazia mbaazi, papai na maji.

Tangu Ramadhani ya mwaka jana homa imekuja mara moja. Karatasi ya maabara bado mara nyingine inaonyesha wadudu, lakini akiwa mzima hapewi dawa. Sista anasema anatibu mtoto, hatibu karatasi.

Namba 8 naipa nne kati ya tano, moja nimekata kwa yale matundu. Ila mkojo sasa unachuruzika polepole mno, tumeambiwa tuhamie 10, na hapa mjini maduka matatu yamenitolea ile ya kahawia. Anayejua ilipo nyeusi ya plastiki, hata kama ni Mtwara, aniambie, nitaifuata.