Kompyuta ya gemu kwa mfuko wa Nairobi: hii chukua, ile wacha

Kila mwisho wa mwezi lazima nipigiwe simu na mtu ako Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki tauni, amesimama mbele ya kaunta, ananiuliza "hii ni i7, nichukue?", yaani prosesa ya Intel, ubongo wa mashine. Na mimi namuuliza swali moja tu, pawa saplai yake, kile kisanduku kinagawa umeme ndani, ni wati ngapi? Kimya. Kwa nyuma nasikia muuzaji akisema hiyo haijalishi. Inajalisha sana, tena ndio kitu ya kwanza kuangalia, juu ramu (kumbukumbu ya kazi) unaeza ongeza, SSD (ghala la mafaili) unaeza badilisha jioni moja ukiwa kwa meza yako, lakini pawa saplai ikiwa ndogo na lile sanduku tunaita CPU likiwa jembamba, hesabu imefungwa siku hiyo hiyo, hakuna kadi ya grafiki ya maana, ile inachora picha za gemu, itaingia humo.

Hii nilisomea kwa pesa yangu. Nilinunua CPU ile nyembamba ya kulala, duka fulani tauni, jamaa akaniapia kadi yoyote inaingia, nikaenda nikatafuta kadi ya GTX 1650 ya feni mbili, kufika nyumbani Umoja nafungua kifuniko napata kadi ni pana kuliko sanduku lenyewe. Nilibaki nimeishika mkononi kama mtu amenunua godoro ya sita kwa sita na kitanda ni cha tatu kwa sita. Kurudi dukani naambiwa "si ulijaribu?"

Sasa nazipanga vile ningenunua mimi, nikiwa mtu wa kucheza FC ya mpira, GTA V, Counter-Strike 2, Valorant, kwa monita ya kawaida ya 1080p. Kama unataka 4K na kila kitu juu kabisa, wewe uko na pesa, huhitaji ushauri wangu. Bei ni makadirio tu, elfu mbili tatu juu ama chini ni kubishana.

Namba moja: wakstesheni ya mtumba, ile ya kusimama wima

Hizi ndizo mashine zilikuwa kwa ofisi za mainjinia na wachoraji, zikachoka huko, zikaletwa hapa na zile zingine za ex-UK. Ziko kando ya zile za ofisi za kawaida kwa shelfu, zimefanana rangi, kwa hivyo watu wanazipita. Tofauti iko ndani. Dell OptiPlex 7050, ya ofisi, ya kusimama, inakuja na pawa saplai ya wati 240. Ndugu yake wa wakstesheni, Precision 3620, inakuja na 290 ama 365, Precision 3630 unaeza pata hata 460, na HP Z240 ya kusimama iko na 400. Zilitengenezwa tangu mwanzo zibebe kadi ya grafiki, kwa hivyo nafasi iko na hewa inapita.

Usiulize muuzaji wati, mwambie afungue ubavuni. Ni kuvuta tu kifuniko, sekunde tatu. Washa tochi ya simu, utaona sanduku la chuma kwa kona na stika nyeupe, tafuta namba imeandikwa na W mbele yake. Ukiwa hapo angalia kama kuna waya mweusi wa pini sita ama nane unaning'inia bila kazi, huo ni wa kadi. Haupo? Basi utatumia kadi inayokula kutoka kwa bodi (ile kubwa kila kitu kinachomekwa) peke yake.

Kati ya 3620 na 3630 ongeza pesa uchukue 3630 bila kufikiria mara mbili. 3620 ni prosesa za kizazi cha sita na saba, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane kuendelea, na Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ndio, kuna njia za mkato za kuilazimisha, lakini Valorant ikiwa kwa Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya mashine, ziwe zimewashwa, utakuja kulia hapo. Tena i5-8500 iko na koa (vichwa vya kufanya kazi) sita, i5-6500 iko na nne.

Na hii ya "ni i7" wacha nimalize hapa. Soma namba ya kwanza baada ya kistari, hiyo ndio kizazi. i7-2600 ni kizazi cha pili, ya 2011, inaeza kuwa kwa sanduku la kioo lenye taa za disko lakini bado ni ya 2011, na i5-8500 inaipiga bila kutoka jasho. Kuanzia kizazi cha kumi unasoma namba mbili za kwanza, kama i5-12400 ni kizazi cha kumi na mbili. Muuzaji akikataa kutaja namba yote, fungua mwenyewe mipangilio ya Windows uisome.

Kadi sasa. GTX 1650 ndio ya mwananchi, inakula wati 75, mara nyingi haitaki waya wa ziada, ingawa ziko zenye pini sita kwa hivyo angalia. Ukipata RTX 3050 ya GB 6 ni bora zaidi na inakula 70 tu, lakini shika hiyo sita vizuri, kuna 3050 ya GB 8 ambayo ni kadi tofauti, inataka 130 na waya. RX 580 ya GB 8 ina nguvu kuliko 1650, inakula 185, na nyingi ziliishi maisha ya kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, tena kuna ile imeandikwa 2048SP ambayo imepunguzwa nguvu na inauzwa kwa jina lile lile. Siikatai, nilishawahi tumia moja miaka miwili, lakini isikie feni kwanza.

Na kuna bandia. Kadi ya kitambo inapewa programu mpya ndani ijiite 1050 Ti, Windows inaamini, wewe unaamini, gemu ndio haiamini. Dawa ni programu ya bure inaitwa GPU-Z, iweke kwa flashi kabla utoke nyumbani. Ikiishuku kadi inaandika FAKE mbele ya jina, hapo hapo mbele ya muuzaji, na uso wake ndio risiti yako. Kwa flashi hiyo hiyo weka CrystalDiskInfo ikuambie SSD ina afya kiasi gani na imewashwa masaa mangapi. Wakikataa uchomeke flashi, sema asante uondoke.

Jumla na monita ya mtumba, panga elfu 50 hadi 60.

Namba mbili: kuunda mpya kidogo kidogo

Hii ni ya mtu mwenye subira. Unanunua Ryzen 5 5600G, bodi ya AM4 (tundu la prosesa hiyo), ramu, SSD, pawa saplai ya jina linalojulikana ya wati 550, na unaanza kucheza bila kadi, juu hiyo prosesa ina grafiki yake ndani. Counter-Strike 2 na GTA V zitaenda kwa mipangilio ya chini, FC pia ukiwa mpole. Miezi sita mbele, chama ikikupea, unaongeza kadi. Lazima ununue ramu vipande viwili, nane na nane, sio kipande kimoja cha kumi na sita, kwa sababu grafiki hiyo inaazima ramu na kipande kimoja ni kama kumimina maji kwa mrija wa soda, hapa utaona tofauti kwa macho. Jambo moja la kukasirisha ni mafundi wanaokuwekea kila kitu kizuri halafu pawa saplai ya bei ya chipsi. Usikubali.

Namba tatu: laptopu ya gemu

Kama unakaa hosteli ama unahama kila baada ya miezi sita, hii ipande iwe namba moja kwako. Mimi naiweka hapa juu ya bei, mpya yenye RTX ni laki moja kuendelea, na jina la kadi linadanganya. RTX 4060 ya laptopu inaeza kupewa wati 35 ama 115 kulingana na mwenye kuitengeneza, kwa hivyo mbili zenye stika moja zinapitana vibaya. Nyembamba na nyepesi mara nyingi ndiyo imenyimwa. Watu pia husema laptopu itakuokoa stima ikipotea. Itaokoa kazi yako, gemu kwa betri inashuka nguvu na saa moja huimalizi.

Namba nne: ile ya ofisi ya kusimama, OptiPlex ama EliteDesk, na kadi ya wati 75. Chini ya elfu 40 jumla. Inafanya kazi, iko na mwisho, ni sawa.

Za kuacha kabisa: zile ndogo kama Biblia, zile monita na CPU zimeshikana, na nyembamba za kulala.

Mambo madogo ambayo hutaambiwa dukani. Monita nyingi za mtumba zinakuja na waya wa VGA wa buluu, GTX 1650 haina tundu hilo, kwa hivyo chagua monita yenye HDMI ama DisplayPort. Na waya uchomeke kwa kadi, chini, sio kwa bodi, juu. Mtoto wa dada yangu alicheza wiki mbili akilalamika kadi ni mbovu, na kadi ilikuwa imekaa tu haijaguswa. SSD isiwe chini ya GB 512, FC 24 peke yake ilikuwa inadai GB 100.

Stima nayo, mashine ikivuta wati 250, masaa manne ni uniti moja ya token, fanya hesabu kabla mwenye nyumba akufanyie. Weka UPS, ile betri ya akiba, hata ndogo, sio ya kumalizia mechi, ni ya kuzima kwa adabu.

Na siku ya kubeba, kama ni matatu, mwambie fundi achomoe kadi uiweke kwa begi imefungwa na sweta. CPU shika mapajani, lipia kiti cha pili kondakta akipiga kelele. Yangu niliiweka nyuma na mizigo, tukapiga matuta ya Outering moja baada ya nyingine, na kufungua nyumbani kadi ilikuwa inaning'inia kwa skrubu moja.