Programu za kuandika matumizi ya nyumbani zisizochungulia mambo yako: ipi uanze nayo

Kabla ya majina, pakua halafu angalia inaomba ruhusa gani. Kuna moja nilijaribu, siitaji jina, naandika nyanya buku ya gengeni, mara inataka isome meseji zangu zote na kontakti juu. Kontakti za nini sasa jamani, nyanya ina namba ya simu? Na meseji za M-Pesa zina kila kitu, umemtumia nani, shilingi ngapi, saa ngapi, salio limebaki ngapi, ukiruhusu zisomwe hapo huna siri tena. Kwa hiyo mimi nazipanga kwa kitu kimoja tu, data inakaa kwako au kwao.

Namba moja Money Manager Ex. Bure, msimbo wake (code) uko wazi, yaani mwenye utaalamu anaweza kuukagua, haikulazimishi kujisajili. Ipo ya kompyuta na ya Android, na kwenye kompyuta unaweza kufunga faili kwa nywila, yaani hata kama laptop mnashea na shemeji hatajua mmetumia ngapi kwenye kitchen party.

Namba mbili My Expenses, kama una simu ya Android tu. Nyepesi, ila baadhi ya vitu vya ziada unalipia.

Namba tatu GnuCash, ipo tangu 1998, bure pia. Hii ni ya mwenye kaduka pembeni, kila hela inaandikwa mara mbili, imetoka wapi na imeenda wapi, wiki ya kwanza utaichukia. Halafu faili lake halina nywila, usiliache kwenye flash ya watu.

Actual Budget ni nzuri kwa wale wa kugawa hela kwa bahasha, hii ya kodi ya nyumba, hii ya luku, hii ada, ila kuiunganisha simu na kompyuta unahitaji seva yako, yaani kompyuta ya kuzihifadhia data, kwa hiyo tafuta kijana wa IT.

YNAB (You Need A Budget) naiweka mwisho. Unalipa kwa dola, kila mwezi au kila mwaka, data iko kwao, na kile kinachowavutia wenzetu, kuvuta miamala ya benki yenyewe, ni cha Marekani, Kanada na Ulaya, wewe wa Mbagala utaandika kwa mkono vilevile.

Ubaya wa data kukaa kwako ni kwamba simu ikichomolewa kwenye daladala imeondoka nayo, so kila Jumapili toa nakala uiweke kwenye memori kadi iliyobaki nyumbani.