Nimevaa Utendi wa Mwana Kupona: kugesi, makoa, hariri ya mtumba na wanja ulionitia wasiwasi

Asalaam aleikum mashoga zangu, karibuni. Na nyinyi kaka zetu mnaochungulia, karibuni pia, hamfukuzwi. Hapa mezani nina sinia, na humo siniani kuna vitu nilivyohangaikia miezi miwili. Jumamosi kuna kupamba, ile sherehe ya bibi arusi, kwa binamu yangu hapa Mombasa, na tumeambiwa tuje na mavazi ya kizamani. Najua wengi watafukua kanga za bibi kabatini. Mimi nikasema nitavaa utendi.

Utendi wa Mwana Kupona. Mlioukariri kwa ajili ya mtihani mkausahau siku ya pili, nawakumbusha: Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, kule kisiwani Pate, alimtungia bintiye shairi hili la mashauri mwaka 1858. Mume keshafariki, mwenyewe mgonjwa mwaka mzima, na miaka kama miwili baadaye naye akaondoka. Sasa fikirini, mama kitandani, lakini akifika mahali pa kujipamba hasahau kitu. Miguuni kugesi, zile bangili za miguu, mikononi makoa, bangili za mikono, shingoni kidani na kifungo, pete, hina, wanja, marashi, dalia, yasimini. Ukiandika hivyo kwenye karatasi, unakwenda nayo dukani moja kwa moja.

Nguo je? Nguo anakutajia "libasi" tu, yaani mavazi, kapita. Na mimi hapo ndipo niliposhtuka, maana nimezoea kununua gauni kwanza halafu nahangaika kutafuta hereni za kufanana nalo. Safari hii nikageuza: vito na harufu vikachukua pesa, nguo ikapata chenji.

Tuanze na miguu. Hizi, ngoja nisogeze kamera, hizi ndizo kugesi. Wa Unguja mtasema mitali. Nilimpelekea sonara wa Mji wa Kale picha, akanitengenezea za shaba, akazichovya fedha, na alinieleza wazi kwamba ni za kuchovya. Shilingi 3,800 kwa jozi. Angalieni hapa kwenye mdomo wa pingu, kaacha mwanya wa upana wa kidole ili kifundo cha mguu kipite, na ncha kazikunja kuelekea nje zisichune ngozi. Huo ndio ufundi ninaoulipia. Kasoro yake ni uzito. Nimezivaa nusu saa jikoni, mfupa wa kifundo ukaanza kulalamika, ikabidi nifunge kitambaa kwa ndani.

Makoa ndiyo yaliyonipiga. Niliyaagiza kwenye duka moja la mtandaoni, jina nalihifadhi, maelezo yakisema ni fedha ya kale ya Lamu, 2,500 kwa manne. Yamefika, mazuri, yanang'aa. Siku ya tatu mkono wangu wa kijani kama nimeponda mchicha. Nikayageuza ndani, nikaona mhuri wa 925, yaani eti fedha asilimia 92.5. Jamani! Huo mhuri wa 925 ni wa viwanda vya siku hizi. Masonara wetu wa zamani waliyeyusha riale, zile sarafu kubwa zenye sura ya Maria Theresa wa Austria, na fedha ya riale haifiki hata hiyo 925, ni kama asilimia 83, kilichobaki ni shaba. Kwa hiyo anayekuuzia koa la mama wa babu yake lenye mhuri wa 925, muulize huyo babu alizaliwa lini.

Na kwa kuwa tumeitaja riale, hiki kidani si changu. Ni cha mama mkubwa, nimekiazima, nikakitilia saini kabisa kwenye karatasi kwa sababu yeye hana mchezo. Katikati inaning'inia riale nzima, gramu 28 hivi. Pua ya malkia imesagika kwa kuvaliwa, shavu limekuwa laini kama sabuni iliyotumika, lakini huku nyuma mwaka bado unasomeka: 1780. Msije mkadanganywa na mwaka huo. Malkia alikufa 1780, na wao wakaendelea kupiga sarafu miaka na miaka bila kubadilisha tarehe. Riale yenye 1780 inaweza kuwa ya juzi. Mama mkubwa nilipomwambia hivyo alinitazama tu, akakifunga kidani kwenye leso yake. Nilikipata tena baada ya siku mbili za kubembeleza.

Nguo sasa. Kanga sikuichukua, ingawa naipenda kuliko nafsi yangu, kwa sababu kanga hizi tunazozijua zilishika pwani mwishoni mwa karne ya 19, mama huyu keshazikwa. Buibui vilevile lilikuja baadaye. Kaniki ilikuwapo, lakini ilikuwa nguo ya watu wa kazi na watumwa, na Mwana Kupona alikuwa muungwana wa Siu. Waungwana walivaa hariri na vitambaa vizuri vya kutoka India na Uarabuni. Basi nikaenda soko la Kongowea, nikainama kwenye marundo ya mitumba mpaka kiuno kikaniuma, nikaibuka na sari hii nyekundu iliyoiva, pindo la dhahabu, 900. Muuzaji anaapa ni hariri. Nikachomoa uzi mmoja kwenye upindo, nikaugusisha njiti ya kibiriti: ukanuka nywele zilizoungua, jivu likasagika vidoleni. Ingekuwa poliesta ungeyeyuka ukawa kipunje kigumu. Nimeikata vipande viwili, kimoja cha chini, kimoja cha kujitanda. Upande mmoja una doa, litakwenda kwapani huko.

Wanja nao una mambo. Nilipewa kikopo cha wanja wa mawe, unga mweusi una vimetameta, mzuri mno machoni. Lakini wanja wa aina hii mara nyingi hutokana na madini yenye risasi, na risasi haina rafiki mwilini, watoto ndio kabisa msiwapake. Nimeurudisha, nikapaka penseli ya kawaida ya dukani. Mwana Kupona anisamehe. Hina, hapo sikubadilisha: majani yaliyosagwa, maji ya ndimu, unakaa nayo usiku kucha. Piko nyeusi ya haraka haraka sitaki hata kuiona, kuna aliyeniletea malengelenge ya wiki mbili kwa rangi ya nywele aliyoiita hina.

Harufu ndiyo iliyonipendeza kuliko vyote. Dalia hii, ule unga wa manjano, imetengenezwa na mama mmoja wa Lamu kwa mkono, 500 kikopo. Unachanganya na marashi ya mawaridi kidogo tu, unapaka shingoni na nyuma ya masikio. Ukizidisha maji inakuwa uji, nimejifunza kwa kuharibu nusu kikopo. Nguo nimeitandaza juu ya chetezo, udi ukapanda dakika kumi. Vikuba, vile vishada vya asumini, yaani yasimini, nitanunua jioni ileile, kwa sababu ukivinunua asubuhi, hadi magharibi vimekuwa vya kahawia.

Kuna kitu kimoja nimeshindwa, nacho ni kifungo, kile cha shingoni. Nimeuliza masonara watatu, kila mmoja kanionyesha kitu chake. Nimevaa kidani peke yake.

Mkitaka kujaribu, na mfuko una elfu tano, nunueni kugesi na dalia, mengine azimeni. Makoa ya mtandaoni yaacheni huko huko. Nami nimebadilisha jambo moja tu katika mashauri ya Mwana Kupona: yeye alimwambia bintiye akae kama bibi arusi kila siku. Jumamosi bibi arusi ni binamu yangu, na ananijua. Kwa hiyo pete nimepunguza, kutoka nane hadi tatu.

Kugesi nitazibeba mkobani, nizivae nikishafika. Ukumbi uko ghorofa ya tatu.